Tarehe Inayokosekana Kwenye Boksi la Simu

Agosti inapoelekea ukingoni, mazungumzo ya wanafunzi wangu wa uzamili hubadilika. Mijadala kuhusu sura ya pili ya tasnifu huahirishwa, na nafasi yake huchukuliwa na simu ambayo bado haijatangazwa: itakuwa na kamera ngapi, itakuwa nyembamba kiasi gani, betri yake itajaa kwa dakika ngapi. Wiki iliyopita mmoja wao aliniuliza, “Dokta, wewe unasubiri ipi?” Nilicheka, ingawa sikuwa na haki ya kucheka sana. Septemba 2025 nami nilikaa mbele ya kompyuta saa mbili usiku nikiwatazama Apple wakiitambulisha iPhone Air yenye unene wa milimita 5.6, simu ambayo mshahara wangu hauna mpango nayo.

Sioni ubaya wowote katika kusubiri. Simu ndiyo kalamu, pochi, redio na ofisi ya watu wengi katika nchi hii, na mtu ana haki ya kutaka chombo chake cha kazi kiwe chepesi na kizuri machoni. Kinachonisumbua ni swali ambalo sikulisikia katika mazungumzo yale yote: simu hiyo itasasishwa mpaka lini? Nazungumzia masasisho ya programu, yale ambayo vijana huyaita apdeti, ambayo wengi wetu huyaahirisha kwa kuwa yanakula bando.

Nami nilikuwa silijali swali hilo mpaka lilipobisha hodi nyumbani. Miaka mitatu iliyopita nilinunua simu mpya, na ile ya zamani nikampa mdogo wangu, mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro. Simu ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Mwezi uliopita alinipigia. “Shikamoo kaka. Hii simu uliyonipa, ile programu ya benki imekataa kufunguka. Inasema kifaa hakikidhi vigezo.” Alikuwa amekwenda hadi kwenye tawi la benki yake, akapanga foleni, na jibu alilopewa dirishani lilikuwa fupi: anunue simu nyingine. Kioo hakijavunjika, betri inafika jioni, kamera inapiga picha za mahafali ya darasa la saba bila taabu. Hata hivyo, kwa kazi aliyoihitaji zaidi, simu ile ilikuwa imekwisha kufa, na hapakuwa na mtu aliyewahi kumwambia tarehe ya kifo chake. Mimi niliyempa sikuijua pia, na nina shahada tatu.

Inafaa kueleza kifo hicho hutokeaje. Mfumo wa Android huandikwa na Google, lakini haufiki kwenye simu yako moja kwa moja. Mtengenezaji wa chipu, awe Qualcomm, MediaTek au Unisoc, lazima aandae programu za kuifanya chipu yake ielewane na toleo jipya. Kisha mtengenezaji wa simu hulirekebisha toleo hilo lilingane na modeli yake, hulijaribu, ndipo hulisambaza. Mmoja katika mnyororo huo akiona faida imekwisha, mnyororo hukatika. Simu huendelea kuwaka kama kawaida, ila kila udhaifu mpya unaogunduliwa hubaki wazi ndani yake. Mwaka 2015 uligunduliwa udhaifu ulioitwa Stagefright katika namna Android ilivyokuwa ikishughulikia faili za video. Ujumbe mmoja tu wa picha ulitosha kumfungulia mhalifu mlango, na simu zilizokuwa hatarini zilihesabiwa kwa mamia ya mamilioni. Agosti ya mwaka huohuo Google ilianza kutoa masasisho ya usalama kila mwezi. Kwa hiyo benki inayoifungia nje simu isiyosasishwa ina sababu yake, na sitaki kuilaumu kwa hilo. Lawama yangu ni kwamba mteja anafika kwenye mlango uliofungwa bila kuwa ameonywa popote njiani.

Nikiri pia jambo moja, maana najua wapo watakaonikumbusha. Wizi mwingi wa fedha tunaousikia mitaani hauhitaji udhaifu wowote wa programu. Ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” hufanya kazi hata kwenye simu iliyotoka kiwandani jana. Sasisho halimkingi mtu dhidi ya ulaghai wa maneno. Lakini kufuli halikomeshi utapeli pia, na hatujaacha kuweka kufuli milangoni.

Tusidanganywe kwamba kuisasisha simu kwa muda mrefu hakuwezekani. Google ilipotoa Pixel 8 mnamo Oktoba 2023 iliahidi miaka 7. Samsung ikafuata kwa ahadi hiyohiyo ilipotambulisha Galaxy S24 Januari 2024. Apple ilitoa sasisho la usalama kwa ajili ya iPhone 5s mnamo Januari 2023, ilhali simu hiyo iliingia sokoni mwaka 2013. Utasema hizo ni simu za wenye nacho. Kwa sehemu ni kweli. Ila Galaxy A16, iliyo ya bei ya chini kwa mbali, ilitoka mwaka 2024 ikiwa na ahadi ya miaka 6. Uwezo upo, ni suala la nani ametakiwa kuutumia.

Hapa ndipo pana mtego ambao ningependa kila mnunuzi wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, auelewe. Miaka hiyo huanza kuhesabiwa tangu modeli ilipotoka, bila kujali wewe umeinunua lini. Galaxy S21 ilitoka Januari 2021 na ikaahidiwa miaka 5 ya masasisho ya usalama, yaani mpaka mwanzoni mwa 2026. Kijana aliyeinunua mwishoni mwa 2025, iliyotumika, ikitokea Dubai, imefutwa vizuri na kuwekewa kava jipya, alinunua miezi michache tu ya ulinzi. Muuzaji hakumwambia uongo. Ni habari ambayo haimo katika biashara yetu. Tunauliza gigabaiti, tunauliza betri imebaki asilimia ngapi, tunaishika simu na kuigeuza kama mtu anayechagua embe.

Wenzetu wameanza kuliandika jambo hili katika sheria. Tangu tarehe 29 Aprili 2024, Uingereza inamtaka mtengenezaji wa simu atangaze muda wa chini ambao ataitolea masasisho ya usalama. Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi: kanuni zake zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 zinataka masasisho ya mfumo yapatikane kwa angalau miaka 5 baada ya modeli kuacha kuingizwa sokoni, na betri ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800.

Sisi mjadala wetu umekuwa ni bei. Katika mwaka wa fedha 2021/22 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye simu janja. Mwaka uliofuata ikairudisha. Mara moja tulithubutu kugusa ubora: Juni 2016, TCRA ilipozizima simu bandia. Wakati ule wananchi walifundishwa kubonyeza nyota, reli, sifuri sita, reli, kisha kuituma namba iliyojitokeza kwenda 15090 ili wajue kama simu ni halisi. Hoja yangu ni ndogo na haihitaji mtambo mpya. Jibu la ujumbe ule, pamoja na kutaja aina ya simu, liongezewe mstari mmoja: masasisho ya usalama mwisho lini. Na kila modeli inayoombewa idhini ya kuuzwa nchini iandikwe tarehe hiyo juu ya boksi, kama mkate na maziwa yanavyoandikwa tarehe zake. Mtengenezaji asiyetaka kuahidi kitu aandike “hakuna ahadi”, kwa herufi zilezile kubwa anazoandikia idadi ya megapikseli.

Nimewahi kuambiwa na mwenzangu wa idara ya uchumi kwamba masharti ya namna hii hupandisha bei na kumuumiza maskini. Angekuwa na hoja kama ningetaka kila simu isasishwe miaka 7. Ninachotaka ni tarehe iandikwe. Maskini ndiye anayenunua simu moja na kuitarajia imfikishe mbali, kisha imrithie mdogo wake, kisha mtoto wa mdogo wake. Anayebadilisha simu kila Septemba hana haja ya kujua itakufa lini.

Jambo hili linaihusu pia dola yenyewe. Mtumishi wa umma leo anajaza utekelezaji wa kazi zake kwenye PEPMIS, na wengi wanafanya hivyo kwa simu waliyoinunua kwa fedha yao. Tunapompeleka mtu kwenye mfumo wa kidijitali kwa amri, uzee wa kifaa chake unakuwa sehemu ya mfumo huo, hata kama hakuna waraka unaoutaja.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kariakoo kumtafutia mdogo wangu simu nyingine. Katika duka la nne nilimuuliza kijana muuzaji masasisho ya ile simu yanaisha lini. Aliligeuza boksi pande zote sita, akasoma hata maandishi yaliyo chini ya msimbopau, kisha akanitazama kwa huruma. “Mzee, waranti ni mwaka mmoja.” Nilinunua hivyohivyo. Usiku niliitafuta tarehe kwenye tovuti ya mtengenezaji, nikaipata ukurasa wa ndani kabisa, kwa Kiingereza: Machi 2029. Nikaiandika kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa boksi, na asubuhi nikalipeleka stendi likapande basi la Morogoro.