Mkimbizi si rehani ya mpaka wa bahari



Kila mzozo wa bahari kati ya Kenya na Somalia unapochemka, maneno yanafika Garsen kabla ya basi la Malindi. "Wametunyang'anya bahari, warudi kwao!" Umeyasikia stendi, umeyasoma kwenye grupu za WhatsApp, na pengine wewe mwenyewe umeyasambaza. Hebu tuyatenganishe haya mambo mawili.

La bahari ni kesi ya serikali mbili. Somalia iliipeleka The Hague Agosti 2014. Kenya ilitaka mpaka unyooke kuelekea mashariki, Somalia ikataka uendelee mshazari kusini-mashariki kama ule wa nchi kavu. Tarehe 12 Oktoba 2021 majaji wakachora mstari wao, ulioegemea zaidi upande wa Somalia, na Kenya ikaukataa. Mvuvi wa Kipini ana haki ya kuikasirikia hukumu ile. Amkasirikie nani, ndiyo suala.

Sasa tazama kalenda. Kesi ilianza kusikilizwa 15 Machi 2021, Kenya ikasusia. Tarehe 24 Machi serikali yetu ikaipa UNHCR siku 14 ilete mpango wa kufunga kambi za Dadaab na Kakuma. Ilisema ni usalama. Hesabu mwenyewe siku hapo katikati: tisa tu! Mama anayepanga foleni ya maji Dadaab alichora mstari gani baharini?

Sheria haimruhusu yeyote kumfanya rehani. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 33, unakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha au uhuru wake uko hatarini. Mkataba wa Afrika wa 1969 unasema hivyo hivyo. Na Katiba yetu, ibara ya 2(6), inafanya mikataba tuliyoridhia kuwa sheria ya Kenya. Ndiyo maana 9 Februari 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha agizo la kuifunga Dadaab.

Kisa cha Najashi tunakijua tangu madrasa. Maquraishi walimtumia wajumbe na zawadi ili awatoe Waislamu waliokimbilia Habasha. Angeweza kuwatoa akabaki na urafiki wa Makka. Alimwita kwanza Ja'far bin Abi Talib, akamsikiliza, kisha akarudisha zawadi. Wakati ule alikuwa Mkristo, na wale hawakuwa watu wake. Sisi je, ambao wengi wa walioko Dadaab tunasali nao kibla kimoja?

Halafu sisi watu wa Tana tunajua kukimbia. Agosti 2012, baada ya Riketa, ambako watu zaidi ya 50 waliuawa, Mpokomo kwa Muorma walitoka na watoto mgongoni. Aliyekufungulia mlango hakukuuliza kabila lako linagombania malisho gani.

Kwa hivyo ukiona mkimbizi ameshikwa Garsen au Hola, usipite tu. Aliyeshikwa, raia au mgeni, anafaa kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Andika kituo, saa na idadi ya walioshikwa, ulizia nambari ya OB, kisha tutumie inbox hapa hapa. Picha za nyuso zao usiweke mtandaoni.