MITAMBO INAYOJITAWALA BADO INAHITAJI WATU

Ndugu wafanyakazi,

Siku hizi tunaambiwa, viwandani na mashambani, kwamba mitambo mipya itajiendesha yenyewe na mikono yetu haitatakiwa tena. Tusijibu kwa hasira. Tutazame kwanza yaliyowapata wenye mitambo hiyo.

Kampuni kubwa za Marekani zina maelfu ya kompyuta zilizounganishwa zifanye kazi kama moja. Mwaka 2001 Paul Horn, mkuu wa utafiti wa kampuni ya IBM, alisema mitambo hiyo inawazidi mafundi, basi ijitunze yenyewe kama mwili, ambao moyo wake hupiga bila kuamriwa. Leo kompyuta moja ikifa, kazi yake huhamia nyingine bila mtu kugusa kitu. Hilo ni jema. Fundi haamshwi usiku kwa kila hitilafu ndogo.

Lakini tukumbuke tarehe 4 Oktoba 2021. WhatsApp na Facebook zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi. Katika matengenezo ya kawaida ilitolewa amri iliyokata njia zote za kuunganisha vituo vya kompyuta. Programu ya kuzuia amri mbaya ilikuwepo, lakini ilikuwa na kasoro, haikuzuia. Kisha kompyuta za kuelekeza njia, zilipoona haziwasiliani na vituo, zikajiondoa zenyewe mtandaoni kama zilivyofundishwa. Kila moja ilitii sheria yake, na kwa kutii huko mlango ukafungwa. Nani aliufungua? Mafundi, waliotumwa wenyewe mpaka ndani ya vituo.

Mtambo unajua yale uliyofundishwa tu. Linapozuka jambo jipya anatakiwa mtu anayeujua, tena awe karibu. Mwajiri akiwaachisha kazi wenye ujuzi wote, siku hiyo atamwita nani?

Kwa hiyo msimamo wetu uwe huu. Kabla mtambo haujaingia, chama kikae mezani na mwajiri na mkataba uandikwe. Wafanyakazi wafunzwe mtambo huo kwa gharama ya mwajiri. Anayeona hatari awe na haki ya kuusimamisha bila kuadhibiwa.

Wanachama, lipelekeni jambo hili katika mkutano ujao wa tawi lenu. Tusingoje mpaka mtambo umekwisha kufungwa.

Umoja ni nguvu!