Kikulacho Ki Nguoni: Hoja ya Kuitazama Upya Filamu ya Idi Amin

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii hukaririwa darasani tangu shule ya msingi, lakini ni nadra kutumiwa kama kipimo cha kazi ya sanaa. Makala haya yanaitumia kuipima filamu ambayo imezua ubishi tangu ilipotolewa mwaka 1981, yaani "Rise and Fall of Idi Amin". Wapo wakazi wa Migori na Homa Bay walioiona ujanani mwao katika kanda ya video, wakaichukia na kuapa kutoitazama tena. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba chuki hiyo ilikuwa na sababu za haki, ila haikufika mahali pake. Na kwamba filamu hiyo inastahili kutazamwa upya kwa jicho jingine.

Kwanza, ni vyema kuieleza filamu yenyewe kwa msomaji ambaye hajaiona. Iliongozwa na Sharad Patel, Mkenya mwenye asili ya Kihindi, na ikapigwa humu nchini Kenya muda mfupi baada ya Amin kung'olewa madarakani mwezi Aprili 1979. Mhusika mkuu aliigizwa na Joseph Olita, mzaliwa wa Siaya, ambaye alifariki mwaka 2014. Olita alishabihiana na Amin kwa umbo na sura kiasi cha kupewa nafasi ya kumwigiza tena katika filamu ya Mira Nair, "Mississippi Masala", ya mwaka 1991. Kuna jambo jingine la ajabu. Denis Hills, mhadhiri Mwingereza ambaye mahakama ya Amin ilimhukumu kifo mwaka 1975 kabla ya kuachiliwa, aliigiza nafasi yake mwenyewe. Mtu aliyenusurika kuuawa alirudi mbele ya kamera kuyaigiza masaibu yale yale.

Kwa mujibu wa kumbukumbu za wasambazaji, hii ni filamu ya wasifu. Kwa watazamaji wengi, hata hivyo, ni filamu ya kutisha. Kinachobaki akilini baada ya kuitazama si mapinduzi ya Januari 1971, wala kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, wala uvamizi wa Entebbe wa Julai 1976, ingawa yote hayo yamo. Kinachobaki ni jokofu lenye kichwa cha binadamu, na mtawala anayekula nyama ya maiti ya hasimu wake.

Sababu za kuichukia filamu hii si haba. Mosi, inachukua uvumi na kuuonyesha kana kwamba ni ushahidi. Kwamba Amin alikuwa muuaji ni jambo lisilo na shaka: idadi ya waliouawa chini ya utawala wake hukadiriwa kuwa kati ya 80,000 na 300,000, na wapo wanaotaja zaidi. Lakini kwamba alikula nyama ya watu ni habari ambayo haikuthibitishwa hadi alipofariki mjini Jeddah mwezi Agosti 2003. Pili, picha ya Mwafrika mla watu ni picha kongwe ambayo wageni waliibeba vichwani kabla hawajakanyaga pwani ya bara hili. Filamu iliyotengenezwa nyumbani haikupaswa kuwauzia tena picha hiyo. Tatu, Waganda wenyewe wamo ndani yake kama watu wa kuuawa tu. Mtazamaji hapewi nafasi ya kuwajua kabla hawajafa.

Hata hivyo, mkazi wa kusini mwa Nyanza ana haki na wajibu wa kuitazama filamu hii kuliko mtazamaji wa mbali. Ardhi anayoikalia ilihusika moja kwa moja. Hadi mwaka 1902, eneo hili la ufuo wa ziwa lilihesabiwa kuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ndipo Waingereza walipolihamishia katika himaya ambayo baadaye ikaitwa Kenya. Mwezi Februari 1976, Amin aliufufua mpaka huo wa kale na kudai kwamba magharibi mwa Kenya, hadi karibu na Nairobi, palikuwa pake kihistoria. Kenya ilimjibu kwa ukali na akaurudisha ulimi nyuma. Wavuvi wa Muhuru Bay na Karungu hawahitaji kuelezwa uzito wa madai kama hayo. Mgogoro wa kisiwa cha Migingo, uliopamba moto mwaka 2009, uliwakumbusha kwamba mstari uliochorwa juu ya maji unaweza kumnyima mtu riziki.

Isitoshe, kuna udugu wa lugha. Kiacholi, Kilang'o na Dhopadhola ni lugha za ukoo mmoja na Dholuo. Wanajeshi Waacholi na Walang'o waliuawa kwa wingi katika kambi za Jinja na Mbarara mwaka 1971. Mwezi Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Luwum na Oryema walikuwa Waacholi, na Oboth-Ofumbi alikuwa Mjapadhola. Serikali ilitangaza kwamba watatu hao walifariki katika ajali ya gari. Msikilizaji wa redio kule Homa Bay aliyasikia majina hayo matatu kama majina ya jamaa.

Ni katika muktadha huu ambapo filamu inapaswa kupimwa kwa dhana ya kutisha iliyo ya wenyeji wenyewe. Jamii ya Waluo ina dhana ya jajuok, mkimbiaji wa usiku. Huyu si zimwi la msituni lenye jicho moja. Mchana ni jirani mwema, hulima, huhudhuria mazishi na huchangia karo ya watoto wa wenzake. Usiku ndipo hutoka akatikisa milango ya watu. Kinachotisha katika simulizi za jajuok si sura yake, kwani sura yake ni ya kawaida. Kinachotisha ni kwamba msimuliaji na msikilizaji wote wawili wanamfahamu, na kesho asubuhi watamwamkia.

Filamu ya Patel ilikwenda kinyume na busara hiyo. Ilimtwika mtu mmoja kitisho chote, ikampa macho ya kutoka na kicheko kikubwa, kisha ikamwonyesha akikimbia mwishoni. Mtazamaji alitoka kibandani akiwa na hofu, lakini pia akiwa na faraja ya siri. Alijiambia kwamba zimwi lilikuwa moja, lilikuwa la nchi nyingine, na sasa halipo. Faraja hiyo ndiyo kasoro kubwa ya filamu, kuliko damu yote inayomwagika.

Anayeitazama mara ya pili na afanye jambo moja rahisi. Amwache Amin kando na kuwatazama walio pembeni ya picha. Kila amri inayotolewa ina mtu anayeipokea. Jokofu halijijazi lenyewe. Yupo aliyebeba, yupo aliyefungua mlango, yupo dereva aliyesubiri nje injini ikiunguruma, na yupo mtumishi aliyepangusa sakafu asubuhi. Wahusika hawa hawana majina, na huenda mwongozaji mwenyewe hakuwajali. Lakini wamo, na wanafanya kazi yao kwa utulivu. Mtazamaji wa mara ya kwanza hawaoni kwa sababu jicho lake limeshikwa na damu.

Historia inaiunga mkono namna hii ya kutazama. Kikosi kilichoogopwa zaidi mjini Kampala kiliitwa Ofisi ya Utafiti ya Taifa, na makao yake yalikuwa Nakasero. Hakuna katika jina hilo neno la kumtisha mtu. Ni jina la mahali ambapo kijana aliyesoma angeomba kazi ya ukarani. Aidha, mwaka 2019 Makavazi ya Uganda yalifungua maonyesho ya picha zilizopigwa na wapiga picha wa serikali wakati wa Amin, kutoka hazina ya takriban hasi 70,000 zilizogunduliwa mwaka 2015. Katika picha zile kulikuwa na mikutano, michezo, sherehe na hotuba. Mauaji hayakupigwa picha. Filamu ya mwaka 1981 inaonyesha damu bila maisha ya kawaida, nazo picha za serikali zinaonyesha maisha ya kawaida bila damu. Ukweli ni kwamba mambo hayo mawili yalitokea mjini mmoja, siku moja, na mara nyingine mikononi mwa watu wale wale.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini mtu asumbuke na filamu hii ilhali ipo "The Last King of Scotland" ya mwaka 2006, iliyompatia Forest Whitaker tuzo ya Oscar mwaka 2007? Ni kweli kwamba hiyo imetengenezwa kwa ustadi zaidi. Lakini nayo ilimweka katikati daktari Mskoti wa kubuni, nayo ikatumia uvumi, hasa inapoonyesha maiti ya Kay, mke wa Amin, ikiwa imeshonwa viungo mahali pasipo pake. Tofauti ya filamu hizi mbili ni ya fedha na ustadi kuliko ya mtazamo. Ile ya kwanza angalau haijifichi. Mapungufu yake yako wazi, na kwa hiyo inafaa zaidi kufundishia.

Wengine watahoji kwamba kuirudisha filamu hii ni kutonesha vidonda vya majirani. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Hata hivyo, kimya nacho kina gharama. Vijana wengi wa leo wanamjua Amin kama mzaha wa simu, mwenye medali nyingi na vyeo visivyokwisha. Kizazi kimoja kilimfanya zimwi, kingine kimemfanya kichekesho, na katika hali zote mbili hakuna anayejiuliza ni akina nani waliomfanyia kazi.

Swali hilo si la Uganda pekee. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 walipoteza maisha nchini Kenya. Katika barabara za sehemu mbalimbali za nchi, vijana waliweka vizuizi, wakawashusha abiria na kuwataka wajitambulishe kwa kitambulisho au kwa lugha ya mama. Hapakuwa na zimwi wala jokofu. Palikuwa na mawe, magurudumu yaliyowashwa moto, na nyuso ambazo abiria alikuwa ameziona sokoni wiki iliyotangulia. Mtu aliyezoea kudhani kwamba uovu una sura ya Olita angepita pale bila kuutambua.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, kuna jambo la ziada. Mazungumzo makuu ya filamu hii ni ya Kiingereza. Ilhali Amin alilelewa kijeshi katika kikosi cha King's African Rifles, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya amri, na mwaka 1973 alitangaza kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa ya Uganda. Kwa Waganda wengi, lugha hii ilisikika kwanza kinywani mwa askari kwenye kizuizi. Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili mwezi Julai 2022 kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni, kumbukumbu hiyo ya kambi za jeshi ilikuwa bado haijafutika. Mpenzi wa Kiswahili anayeshangaa kwa nini jirani anasitasita kuipokea lugha tamu namna hii anahitaji kuijua habari hiyo. Filamu iliifunika kwa Kiingereza, na hivyo ikamnyima mtazamaji kipande kimoja cha kitisho chenyewe.

Kuna njia ya kulirekebisha hilo bila gharama kubwa. Vibanda vya video vya Kenya vina desturi ya kufasiri filamu papo kwa papo kwa Kiswahili, desturi ambayo DJ Afro aliipatia umaarufu nchini kote. Vyama vya Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Rongo kule Migori na Chuo Kikuu cha Tom Mboya kule Homa Bay vinaweza kuionyesha filamu hii, mwanafunzi akiifasiri na kuisimamisha kila inapofaa: hapa ni uvumi, hapa ni tukio la kweli, na hapa tazameni dereva. Baada ya hapo wazee wapewe nafasi ya kusema. Katika miaka ya 1970, walimu waliokimbia Uganda walifundisha katika shule nyingi za sekondari nchini Kenya. Wapo wanafunzi wao walio hai hadi leo, ambao sasa ni babu na nyanya, na ambao huenda walisikia kwa walimu hao habari ambazo hazikuingia katika filamu yoyote.

Masimulizi hayo yarekodiwe na kuandikwa kwa Kiswahili, maadamu wenyewe wangalipo. Filamu ya Patel haitoshi kuwa kumbukumbu ya miaka ile, lakini inatosha kuanzisha mazungumzo.