Henry VII: Mfalme aliyewatawala makabaila kwa hati za madeni

Agosti 22, 1485, Mfalme Richard III aliuawa katika mapigano ya Bosworth, na taji la Uingereza likaangukia kwa mtu ambaye haki yake ya kulidai ilikuwa dhaifu. Henry Tudor alikuwa ameishi uhamishoni kwa miaka 14. Hakuwa na jeshi la kudumu, na makabaila waliomzunguka walikuwa na ardhi, ngome na watu wa kuwapigania.

Makabaila hao ndio waliokuwa wakiwapandisha na kuwashusha wafalme kwa miaka 30. Henry VII hakuweza kuwaangamiza wote, kwa kuwa bila wao mikoa isingetawalika.

Hatua yake ya kwanza ilikuwa ya kisheria, na ya ujanja mkubwa. Utawala wake ulihesabiwa kuanzia Agosti 21, siku moja kabla ya mapigano. Kwa hesabu hiyo, waliosimama na Richard waligeuka wahaini, na mali zao zikawa halali ya taji.

Mmoja wao, Thomas Howard, Earl wa Surrey, alifungwa katika Mnara wa London hadi 1489, kisha akatumwa kaskazini kulinda amani. Ardhi yake alirudishiwa kidogo kidogo, kadiri alivyotumika. Cheo cha Duke wa Norfolk, alichokuwa nacho baba yake, alikipata 1514, Henry akiwa amekwishafariki.

Lakini silaha iliyotia fora ilikuwa karatasi. Kabaila aliyetiliwa shaka alitakiwa kusaini hati ya kukiri kwamba anadaiwa na mfalme fedha nyingi. Akiwa mtiifu, deni lingelala. Akikosea, lingeamka siku hiyohiyo. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mabwana hawa hawakukopa hata senti, na matanga waliyakuta.

Mwanahistoria J. R. Lander alikadiria kwamba karibu robo tatu ya koo kubwa za malodi zilipata kuwa chini ya rehema za mfalme wakati huo, ama kwa hati hizo, ama kwa faini kubwa, ama kwa kunyang'anywa mali.

Kisa cha George Neville, Lodi wa Bergavenny, chaonyesha jinsi mtambo huo ulivyofanya kazi. Mwaka 1507 alipatikana na hatia ya kuweka wafuasi 471 kinyume cha sheria kwa miezi 30. Adhabu ilikuwa pauni tano kwa kila mtu kwa kila mwezi, jumla pauni 70,650.

Kiasi hicho kilizidi nusu ya mapato yote ya taji kwa mwaka, na hakuna aliyetarajia kilipwe. Mfalme alikubali pauni 5,000 kwa awamu, nyingine zikabaki zikining'inia kichwani mwa lodi huyo. Hapo ndipo penye kiini cha mambo: deni lisilolipika lilimfaa mfalme kuliko fedha taslimu, kwani aliyekwisha kulipa huwa huru.

Wasimamizi wa kazi hiyo katika miaka ya mwisho walikuwa wanasheria wawili, Richard Empson na Edmund Dudley, watu wasiotoka katika koo kubwa. Mfalme mwenyewe alikagua vitabu vya hesabu na kutia saini yake ukurasa kwa ukurasa.

Amani ilipatikana, hilo halipingiki. Hata hivyo ilikuwa amani ya hofu, na ilimtegemea mtu mmoja. Henry alifariki Aprili 21, 1509, na katika siku chache tu Empson na Dudley walikuwa mahabusu. Akiwa Mnarani, Dudley aliandika orodha ya zaidi ya mambo 80 ambayo watu walitozwa au kubanwa isivyo haki. Wote wawili walikatwa vichwa Agosti 1510, kwa kosa la uhaini, ingawa kilichowaponza ni kumtumikia bwana wao kwa bidii.

Henry VIII alifuta hati nyingi za baba yake, na makabaila wakashangilia. Bergavenny naye alisamehewa. Mwaka 1521, mkwewe, Duke wa Buckingham, alikatwa kichwa kwa uhaini, na Bergavenny akajikuta tena kizuizini.