Mkono na Chombo

Wazazi wengi hulalamika kwamba vijana wao hawataki kuanza kazi mpaka wanunuliwe vyombo vya thamani. Anayejifunza ushoni ataka cherehani mpya. Anayejifunza useremala ataka randa ya umeme. Vijana nao hujibu kuwa chombo kibovu huharibu kazi. Haki iko wapi? Twaona yafaa tumsikilize mtu aliyevijua vyombo kuliko wengi.

Mtu huyo ni Abul-Qasim az-Zahrawi, tabibu Mwislamu wa Cordoba katika Andalusi, aliyefariki kiasi cha mwaka 1013. Kitabu chake, At-Tasrif, kina sehemu 30, na ya mwisho yahusu upasuaji. Humo alichora ala zipatazo 200: visu, ndoana, koleo na vyuma vya kuchomea. Basi hapana awezaye kusema kuwa alidharau zana.

Hata hivyo, sehemu hiyo aliifungua kwa masikitiko kwamba mafundi hodari wa upasuaji wamekuwa adimu nchini mwake. Aeleza kuwa alimwona tabibu mjinga akipasua uvimbe shingoni mwa mwanamke. Akakata mishipa, na damu ikamtoka mwanamke yule hata akafa papo hapo. Mwingine alimtoa mzee jiwe la kibofu pamoja na kipande cha kibofu chenyewe, na mzee akafa baada ya siku kama tatu. Watu hao hawakukosa kisu. Walikosa elimu ya viungo vya mwili, ambayo az-Zahrawi aliitaka itangulie.

Tena, watu wa kale walisifu kuchoma vidonda kwa kifaa cha dhahabu. Yeye alichagua cha chuma. Dhahabu, alieleza, kwa wekundu wake humficha fundi kiasi cha moto ulioingia, hupoa upesi, na moto ukizidi huyeyuka. Jawabu letu limo humo: ubora wa chombo ni kufaa kwake kwa kazi, wala si bei yake, na kufaa huko hutambuliwa na mjuzi. Asiyejua atanunua dhahabu.

Katika dini jambo hili lina uzito. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa anayejitia kutibu watu, naye hajulikani kwa utabibu, ni mdhamini wa madhara yatakayotokea. Hapo hapakuulizwa kama kisu chake kilikuwa kizuri.

Basi, enyi wazazi, mnapompeleka mtoto kutahiriwa au kupigwa sindano, ulizeni kwanza mtu huyo alifundishwa wapi. Kisha tazameni usafi wa ala zake, kwani kisu kichafu huleta madhara hata mkononi mwa bingwa. Nanyi vijana, anzeni na chombo kilichopo, maadamu ni salama, mkae chini ya fundi mpaka mweze kuieleza kasoro ya chombo hicho. Hapo ndipo mtakapostahili kilicho bora. Wazee walisema: mchagua jembe si mkulima.

Wabillahi tawfiq.