Sianobakteria si Mwani: Istilahi na Usalama wa Maji Isiolo

Wapo wanaoamini kwamba kuunda istilahi za sayansi ni kazi ya kujaza kamusi tu. Mji wa Isiolo unatosha kuwajibu. Sokoni mwake hukutana Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wameru na Wasomali, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Onyo la afya likikosewa katika Kiswahili, limekosewa kwa wote.

Majitaka ya mji hubeba naitrojeni na fosforasi kutoka vyooni na katika sabuni. Yakituama juani, au mto ukipungua wakati wa kiangazi, maji huweza kufunikwa na utando wa kijani ambao wengi huuita mwani. Jina hilo hupotosha. Mara nyingi viumbe hao ni sianobakteria: ni bakteria hasa, ijapokuwa hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea. Isitoshe, mwani ni zao linalolimwa Zanzibar, likakaushwa na kuuzwa ng'ambo. Nani atishwe na neno hilo?

Tena sianobakteria si wa aina moja. Microcystis huelea kwa vishada. Oscillatoria ni nyuzi zinazoyumbayumba, na jina lake latokana na mwendo huo. Arthrospira ni chakula cha heroe wa Ziwa Bogoria, ilhali tafiti za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuta sumu za sianobakteria katika mizoga ya heroe hao hao.

Hapa ndipo lugha inapogusa uhai. Wito wa "chemsha maji" ni sahihi dhidi ya kipindupindu. Hata hivyo, mikrosistini, sumu inayodhuru ini, haiharibiwi kwa kuchemshwa. Joto huua bakteria na kuiacha sumu yao majini. Mfugaji anayenywesha mbuzi wake kwenye Mto Isiolo, chini ya mji, naye hana sufuria ya kuchemshia maji ya kundi zima.

Watakuwapo wa kudai kwamba "sianobakteria" ni ugeni uliovikwa kanzu. Lakini "bakteria" limekwisha kuzoeleka, nalo walau hutahadharisha. Darasani litumike hilo. Kwa bango la mtoni, "utando wa sumu" hufaa zaidi, na kabla ya kulipitisha, wanafunzi wa Kiswahili waende Isiolo wakawaulize wafugaji wao huuitaje utando huo, na ni maji yapi ambayo mifugo yao huyakataa.