Kidole Tumbo: Kwa Nini Huyu Apasuliwe, Yule Angoje?

Ndugu msomaji, huenda umewahi kuliona jambo hili wodini. Wagonjwa wawili wamelala vitanda jirani, nao wote wameambiwa wana ugonjwa wa kidole tumbo. Mmoja akapasuliwa usiku uleule. Wa pili akatundikiwa dripu, akachomwa sindano, na baada ya siku kadhaa akaruhusiwa kwenda nyumbani bila kuguswa na kisu. Jamaa zake hunung'unika kwamba ndugu yao amepuuzwa, na wengine huthubutu kumwondoa hospitali kabla ya siku zake. Manung'uniko hayo yaweza kugharimu maisha.

Kidole tumbo ni kijifuko chembamba kilichoota mwanzoni mwa utumbo mpana, upande wa kulia, chini ya kitovu. Kikiziba huvimba, na damu isipopita huoza na kutoboka. Mgonjwa akifika mapema, kazi ya mpasuaji huwa nyepesi. Tatizo ni yule aliyechelewa.

Ikiwa usaha umeenea tumboni kote, tumbo hukakamaa kama ubao, homa hupanda na moyo hupiga mbio. Huyo hangoji: hupasuliwa na tumbo lake husafishwa. Lakini mara nyingine, baada ya siku tatu au nne hivi, mwili huwa umekwisha kujijengea boma. Utando wa mafuta na matumbo hukizunguka kidole kilichooza, vikashikamana na kuwa uvimbe mmoja. Kukata humo ni hatari, kwani ni rahisi kuutoboa utumbo ulio mzima. Hapo madaktari wengi huanza na dawa za kuua vijidudu, na kama ndani mna jipu, huutoa usaha kwa mrija.

Njia hii si ngeni. Mwanzoni mwa karne ya 20, Ochsner wa Chicago na Sherren wa London waliwafundisha wenzao kumlaza mgonjwa wa namna hiyo, kumzuia kula na kumchunguza kila mara. Mfalme Edward VII wa Uingereza alipasuliwa tarehe 24 Juni, 1902, siku mbili kabla ya siku iliyopangwa ya kutawazwa. Daktari Frederick Treves alitoa usaha wa jipu, kidole chenyewe akakiacha mahali pake. Mfalme akapona, akatawazwa tarehe 9 Agosti.

Basi elewa kwamba kungoja kwa daktari ni kazi. Homa na mapigo ya moyo hupimwa mchana na usiku, na pengine mpaka wa uvimbe huchorwa kwa kalamu juu ya ngozi ili ionekane kama unapungua. Hali ikizidi kuwa mbaya, njia hubadilishwa, na huenda kisu kikahitajika.

Uvimbe ukiisha, usidhani mambo yamekwisha. Wengine huugua tena, na ndiyo sababu baadhi ya madaktari hukiondoa kidole baada ya wiki sita au zaidi. Wengine husubiri dalili. Aliyetimiza miaka 40 asikose kabisa kurudi kuchunguzwa. Katika utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2019, wagonjwa 12 kati ya 60 waliokuwa na jipu la kidole tumbo walikutwa na vivimbe vingine vilivyojificha, na baadhi yake vilikuwa saratani. Wote 12 walikuwa wamepita umri huo. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka wodini, muulize daktari: nirudi lini, na kwa uchunguzi gani?

Lakini kungoja huko ni kwa hospitali, si kwa nyumbani. Maumivu yakianzia kitovuni kisha yakahamia chini upande wa kulia, pamoja na kichefuchefu na kukosa hamu ya chakula, usinywe haluli wala usikubali kukandwa tumbo. Nenda hospitali siku ileile. Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo, na kwa ugonjwa huu methali hiyo ni kweli tupu.